Tupa, Jiliwa na Saini

Abiria anayepanda ndege ndogo pale Kisauni kwenda Pemba humtazama rubani. Humwona kama ni kijana au mtu mzima, huupima utulivu wa uso wake, na moyo wake mwenyewe hutulia au huingia wasiwasi kwa kadiri ya alichokiona. Mtu ambaye abiria huyo hamtazami ni yule mwengine aliyevaa ovaroli, ambaye muda mfupi kabla alikuwa amepiga magoti chini ya bawa. Yeye hufuta mikono kwa kitambaa, huandika maneno machache katika daftari, hutia saini na huenda zake. Ndege inapopaa yeye hubaki ardhini, wala hakuna anayempungia mkono. Hata hivyo, roho zote zilizomo ndani ya ndege hiyo zimekabidhiwa kwa saini yake.

Kwa ndugu zetu wa bara ndege ni njia moja miongoni mwa njia nyingi. Gari likikataa, mtu atapanda treni. Treni ikichelewa, atatembea hata afike kijiji cha pili. Mtu wa Unguja, Pemba au Mafia hana chaguo hilo. Yeye ana bahari na ana anga, basi. Bahari inapochafuka katika kusi, na mgonjwa anahitaji kufikishwa kwenye hospitali kubwa siku hiyo hiyo, mazungumzo yote yanarudi kwenye ndege, na mazungumzo ya ndege, tukitaka kusema kweli, yanarudi kwa yule mtu wa ovaroli.

Makala haya yanakusudia kueleza fundi wa namna hiyo hulelewa vipi, na malezi yake huchukua muda gani. Mfano tutakaoutumia umetoka mbali, katika kambi moja ya Jeshi la Anga la Uingereza iitwayo Halton, katika jimbo la Buckinghamshire. Hatukuuchagua kwa sababu ni wa Waingereza, maana hatuna haja ya kuwasifu waliotutawala kwa jambo wasilotufanyia. Tumeuchagua kwa sababu ulidumu zaidi ya miaka 70, na mambo yake yanajulikana vyema, mazuri na mabaya.

Halton ilikuwa mali ya tajiri Alfred de Rothschild, wa ile nyumba mashuhuri ya mabenki. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka mwaka 1914 aliliachia jeshi ardhi yake, na miti ya misitu yake ikakatwa kwenda kuegemeza mahandaki. Mwaka 1917 skuli ya mafundi wa ndege ilihamishiwa hapo, na karakana zikajengwa kwa nguvu za mateka wa Kijerumani. Tajiri huyo alifariki mapema mwaka 1918, na mwaka huo huo Serikali ikainunua ardhi yote.

Vita vilipokwisha Jeshi la Anga lilikuwa changa, na wapo waliotaka livunjwe, mali yake igawanywe baina ya jeshi la nchi kavu na la majini. Mkuu wake, Hugh Trenchard, alikabiliwa na tatizo ambalo maofisa wetu watalitambua mara moja. Alikuwa na ndege lakini hakuwa na mafundi. Fundi hodari wa uraiani hakukubali kuingia jeshini kwa mshahara wa askari, na aliyekubali mara nyingi hakuwa hodari. Katika mpango alioupeleka mbele ya Serikali mwishoni mwa mwaka 1919, Trenchard alisema jeshi lisingoje mafundi kutoka nje. Liwachukue wavulana wa skuli na kuwalea lenyewe. Wanagenzi wa uraiani wakati huo walitumikia miaka mitano. Yeye alisema kwamba kwa mafunzo ya siku nzima na nidhamu ya jeshi, miaka mitatu itatosha. Kumbuka, ndugu msomaji, kwamba hiyo miaka mitatu ndiyo ilihesabiwa kuwa njia ya mkato.

Kundi la kwanza lilianza mwaka 1920 huko Cranwell, kwa kuwa mabweni ya Halton yalikuwa hayajawa tayari, na tangu mwaka 1922 Halton yenyewe ikaanza kupokea. Wavulana wa miaka 15 na 16 walifanya mtihani wa wazi nchi nzima, mtoto wa mchimba makaa akikaa meza moja na mtoto wa mwalimu. Aliyefuzu alifungwa kwa mkataba kulitumikia jeshi miaka 12 tangu atimize umri wa miaka 18. Malipo katika miaka ile ya mwanzo yalikuwa shilingi moja kwa siku, na hata hiyo hakukabidhiwa yote. Sehemu iliwekwa akiba mpaka aende likizo. Watu wakawapachika jina la watoto watundu wa Trenchard. Jina hilo lilikusudiwa kuwa la kejeli, na wao wakalichukua kuwa la fahari.

Sasa na tuingie bwenini. Chumba kirefu, vitanda vya chuma kama ishirini, kila kimoja na kabati lake, na sakafu inayong'aa hata mtu aone uso wake. Mng'aro huo hauji wenyewe. Jioni moja ya kila wiki ilitengwa kwa kazi ya kusugua: nta ilimwagwa sakafuni, kisha wavulana wakalisukuma na kulivuta gogo zito lenye brashi na kitambaa mpaka mikono ikafa ganzi. Baada ya hapo hakuna aliyethubutu kukanyaga sakafu kwa viatu; walitembea juu ya vipande vya blangeti, wakiteleza kama watu wanaocheza. Asubuhi tarumbeta ililia wakati kungali giza katika miezi ya baridi. Mashuka na mablangeti yalikunjwa yakawa tofali moja lenye pembe nne, na pembe hizo zilipimwa kwa jicho la koplo asiyejua huruma. Tofali likiwa na tumbo, lilirushwa sakafuni, na mwenyewe akaanza upya.

Kisha gwaride. Wavulana mamia kwa mamia walipangwa mistari, kila mmoja na beji ya shaba yenye umbo la rafadha katika duara mkono wa kushoto, na utepe wa rangi kuzunguka kofia ya kuonyesha kikosi chake. Waliteremka mlima kutoka mabwenini hadi karakana nyuma ya bendi yao wenyewe, ngoma na zumari za Kiskoti zikilia, na katika miaka ya baadaye mbuzi aliyevishwa vazi rasmi akitangulia mbele kwa heshima zote. Mzee yeyote wa Unguja aliyewahi kuona bendi ikipita Forodhani ataelewa kwa nini wanaume waliokwisha kuota mvi bado hutokwa na machozi wanapoikumbuka safari hiyo fupi ya kwenda kazini.

Karakanani hapakuwa na ndege, na hili ndilo jambo linalowashangaza wengi. Mvulana aliyeacha kwao akiota kushika injini aliongozwa mpaka kwenye meza ndefu ya mbao iliyofungwa jiliwa, akapewa nyundo, tindo, tupa na kipande cha chuma kibichi. Akaambiwa kipande hicho kiwe na pande zilizonyooka na pembe zilizo sawa, na vipimo vyake visipungue wala kuzidi ila kwa sehemu mbili tatu katika elfu ya inchi. Hapana mashine. Ni mkono wake, jicho lake na ile tupa. Siku ya kwanza nyundo humpiga kidole gumba zaidi ya inavyopiga tindo. Wiki ya pili chuma chake ni cha mviringo mahali palipotakiwa pawe bapa. Mwalimu hukishika, hukiinua kwenye mwanga pamoja na rula ya chuma, huuona mwanga ukipenya chini ya rula, na hukitupa katika pipa la vyuma chakavu bila ya neno. Mvulana hupewa kipande chengine.

Waliohitimu wanasimulia kwamba mtihani uliowaudhi kuliko yote ulikuwa wa kuchonga kipande chenye pembe sita na kukichongea tundu lake katika bamba jengine, ili kiingie barabara kwa upande wowote kitakaogeuziwa. Pengo likionekana, umeanguka. Wengi waliona ni mchezo wa kuwatesa watoto. Kwani nani atakuja kutengeneza ndege kwa tupa? Lakini shabaha haikuwa kile kipande. Baada ya miezi ya kazi hiyo kidole cha mvulana kilikuwa kinaweza kuhisi tofauti ambayo jicho haliioni, na, lililo muhimu zaidi, yeye mwenyewe alikuwa amepoteza ile tabia ya kusema, "Hii inatosha."

Siku nyengine za wiki zilikuwa za darasa. Hesabu, mekanika, michoro, na elimu ya sababu za ndege kuelea. Mmoja wa waalimu wa Halton, A. C. Kermode, alitoa mwaka 1932 kitabu juu ya mekanika ya kuruka ambacho kiliendelea kusomwa na marubani na mafundi kwa miongo mingi baadaye. Tunalitaja hili kwa makusudi, maana ipo dhana hapa petu kwamba ufundi ni wa yule aliyeshindwa na kitabu. Halton mtoto aliyeshindwa na kitabu hakupita mlangoni, na aliyekuwa hodari wa kitabu peke yake hakutoka na cheti.

Baada ya tupa zilikuja karatasi za bati na ribiti, kisha nyaya, mabomba, injini zilizofunguliwa vipande vipande na kurudishwa, na mwisho kabisa ndege zenyewe, kuukuu, zisizoruka tena, ambazo juu yake mwanagenzi angeweza kukosea bila ya kuua mtu. Hapo ndipo alipofundishwa daftari. Katika Jeshi la Anga la Uingereza daftari la matengenezo ya ndege hujulikana kwa nambari tu, 700. Kila kazi iliyofanywa huandikwa humo. Aliyeifanya hutia saini, msimamizi wake huikagua na kutia yake, na rubani hasogei mpaka naye aweke ya kwake. Saini hiyo si adabu ya ofisini kama ile tunayoitia kwenye daftari la mahudhurio. Ndege ikianguka, daftari ndilo linaloulizwa kwanza, na jina lililomo halifutiki. Siku hizi hata vifaa vina ubao wake wenye michoro ya umbo la kila spana na kila bisibisi. Jioni pakionekana kivuli kitupu, ndege hairuki mpaka spana hiyo ipatikane, hata kama mkuu wa kambi anasubiri safari.

Tusiyapambe malezi haya kupita kiasi. Wavulana wa makundi ya juu waliwaonea wa makundi ya chini, wakawatuma, wakawaamsha usiku na kuwafedhehesha, na wakubwa mara nyingi walijifanya hawaoni. Sigara ilikuwa marufuku kwa wasiotimiza miaka 18, nao wakavuta nyuma ya majengo. Wapo waliolia usiku kwa kukumbuka mama zao, na wapo walioshindwa wakarudishwa nyumbani na aibu isiyowastahili. Mwandishi wa makala haya haoni sababu yoyote ya kudhani kwamba uonevu wa bwenini ulimsaidia mtu kunyoosha chuma. Watakaoiga Halton waiache hiyo sehemu hukohuko Buckinghamshire.

Na matunda? Mwaka 1923 kijana mmoja wa Coventry, Frank Whittle, alifaulu mtihani wa uanagenzi akakataliwa na daktari kwa kuwa mfupi. Alikuwa na futi tano tu. Akafanya mazoezi na kufuata chakula maalum, akaongezeka inchi tatu, akakataliwa tena kwa kuwa jina lake lilikwisha kukatwa. Akaomba upya kana kwamba hajawahi kuomba, na safari hii akapokelewa, akafunzwa Cranwell chini ya mpango ule ule wa Trenchard. Mwaka 1930, akiwa na umri wa miaka 22, aliandikisha uvumbuzi wa injini ya jeti. Mwaka 1935 hati ya uvumbuzi huo ilitakiwa kulipiwa ada ya paundi tano ili iendelee. Yeye hakuwa nazo za kuchezea, na wizara iliyohusika ikasema haitalipa. Hati ikafa. Ndege ya kwanza ya Uingereza yenye injini yake iliruka Cranwell tarehe 15 Mei 1941, ilhali Wajerumani walikwisha kurusha ya kwao tangu tarehe 27 Agosti 1939. Paundi tano! Tunaiacha habari hiyo mezani kwa kila ofisa anayeshika faili la mtu wa chini yake.

Wengine hawakuvumbua kitu, lakini walitenda. Sajini Thomas Gray, mwanagenzi wa Halton tangu mwaka 1929, alikufa mwezi Mei 1940 katika shambulio la daraja karibu na Maastricht, na akatunukiwa Msalaba wa Victoria. Keith Williamson, aliyeingia Halton mwaka 1945 akiwa mtoto wa kushika tupa, alikuwa mkuu wa Jeshi la Anga zima kuanzia mwaka 1982 hadi 1985. Walikuja pia wavulana wa nchi nyengine, wakiwemo wa Pakistan, Ceylon ambayo leo ni Sri Lanka, na New Zealand, wakarudi kwao kuwa msingi wa majeshi ya anga ya nchi hizo. Kundi la mwisho, la 155, lilihitimu mwaka 1993, na mwaka uliofuata skuli ikahamishiwa Cosford.

Msomaji anaweza kuuliza, je, sehemu moja katika elfu ya inchi ina uzito gani katika maisha ya watu? Jibu lilitolewa angani tarehe 10 Juni 1990. Ndege ya abiria iliyotoka Birmingham kwenda Malaga, Hispania, ilikuwa imefika kimo cha zaidi ya futi 17,000 pale kioo cha mbele upande wa rubani mkuu kilipong'oka chote. Rubani alivutwa nje mpaka kiunoni, na wafanyakazi wenzake wakamshika miguu mpaka msaidizi wake akaiteremsha ndege Southampton. Kwa rehema ya Mwenyezi Mungu hakufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba kioo hicho kilibadilishwa kabla ya safari hiyo, na kati ya boliti 90 zilizokishikilia, 84 zilikuwa nyembamba kuliko inavyotakiwa kwa sehemu 26 katika elfu za inchi. Zilichaguliwa kwa kulinganisha kwa jicho, mahali penye mwanga hafifu, katika saa za usiku wa manane, na mtu aliyesifika kwa bidii. Hakuwa mvivu wala mlevi. Aliona inatosha.

Tukio la pili linatuhusu sisi watu wa visiwa zaidi. Huko Hawaii ndege hufanya kazi kama zinavyofanya hapa: safari fupi fupi, kisiwa hadi kisiwa, mara nyingi kwa siku, juu ya maji ya chumvi. Tarehe 28 Aprili 1988 ndege aina ya Boeing 737 iliyotoka Hilo kwenda Honolulu ilipasuka paa ikiwa kwenye kimo cha futi 24,000. Kipande cha urefu wa futi kama 18 kiliruka na upepo, abiria wakabaki wamefungwa mikanda chini ya mbingu tupu. Mhudumu mmoja alitupwa nje na hakuonekana tena. Marubani waliitua Maui. Ndege hiyo ya miaka 19 ilikuwa imeruka na kutua mara 89,680. Kila safari, iwe ya dakika ishirini au ya saa sita, mwili wa ndege ya namna hiyo hujazwa hewa na kupunguzwa kama mpira, na hewa ya bahari ilikuwa imekwisha kula gundi iliyoshikamanisha mabamba. Nyufa ndogo ndogo zilianzia kwenye ribiti, zikatafutana, zikaungana. Wachunguzi walilaumu ukaguzi ulioshindwa kuziona. Lakini fikiria kazi yenyewe: mtu hutakiwa kukagua mamia kwa mamia ya ribiti, moja moja, kwa jicho, mara nyingi usiku kwa kuwa mchana ndege inatafuta pesa. Baadaye abiria mmoja alisema aliuona ufa karibu na mlango alipokuwa anapanda, na hakumwambia mtu.

Ndege nyingi ndogo zinazotubeba sisi hazijazwi hewa namna hiyo, na maradhi yale hayazipati kwa njia ile. Chumvi lakini ni ile ile. Kila mwenye nyumba ya bati Nungwi au Makunduchi anajua bahari inafanya nini. Ndege za visiwani zinahitaji kuoshwa kwa maji baridi, injini kusafishwa chumvi kwa ndani, na viungo kufunguliwa na kutazamwa kabla ya kutu kujitangaza. Kazi hizo hazina sherehe, hazikatwi utepe, na hakuna mpiga picha anayeitwa.

Historia yetu wenyewe imekwisha kutufunza mara mbili gharama ya kutegemea mikono ya wengine. Baada ya maasi ya askari wa Tanganyika ya Januari 1964 na jeshi jipya kuundwa, Ujerumani Magharibi ndiyo iliyoahidi kulea kikosi cha anga. Mapinduzi ya Zanzibar yalikuwa yametuletea ubalozi wa Ujerumani Mashariki hapa Unguja, na baada ya Muungano Serikali ikawaruhusu kuwa na ofisi ya konseli Dar es Salaam. Bonn ikakasirika, na Februari 1965 wakufunzi wake wakafungasha mizigo. Mwalimu Nyerere alikataa kununuliwa, akaambia na misaada mengine yao waichukue. Tulijivunia uamuzi huo, na haki yetu kujivunia. Lakini vijana waliokuwa wameanza kujifunza waliachwa mkono kati ya somo na somo, mpaka Canada ilipochukua kazi hiyo, ikawafunza baadhi hapa na wengine kwao, kwa ndege za Otter na Caribou, hadi mwaka 1970. Kisha wakaja Wachina. Lugha tatu za walimu katika miaka isiyofika kumi! Anayejua jinsi mazoea ya mkono yanavyojengwa polepole atakisia ugumu wake.

Mara ya pili ilikuwa mwaka 1977. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki lilipovunjika, karakana kubwa ilikuwa Embakasi, Nairobi, na ndege nyingi zilikuwa huko huko. Tanzania ikaanzisha shirika lake mwezi Machi mwaka ule ikiwa na kidogo sana mkononi. Ndege ziliweza kununuliwa au kukodiwa. Mafundi walipatikana wale tu waliokubali kurudi nyumbani, na kila mmoja wao alikuwa mali isiyokadirika.

Leo hali si ile. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, Dar es Salaam, kinafundisha ufundi wa matengenezo ya ndege, na jeshi lina mafundi wake. Hapa Zanzibar tuna skuli za ufundi Mikunguni na Kengeja, na taasisi ya Karume pale Mbweni. Suala tunaloliweka mbele ya wahusika ni la umri na la muda. Kijana wetu huonyeshwa jiliwa akiwa amekwisha kuwa mtu mzima, baada ya kukosa nafasi katika mambo mengine yote, na hutakiwa awe fundi baada ya miezi michache kwa sababu fedha za mradi zinakwisha Juni. Trenchard aliwachukua walioongoza, wakiwa na miaka 15, akawapa miaka mitatu, na akawafunga kwa miaka 12 ili nchi ipate faida ya gharama yake. Kufunga mtu miaka 12 leo pengine hakufai. Lakini fundi asiyelipwa inavyostahili hatafungwa na mkataba wowote, hasa sisi ambao jirani zetu wa Ghuba wana viwanja vikubwa vya ndege na wanajua kumtambua fundi mzuri wanapomwona.

Kuna jambo dogo linaloweza kuanza hata muhula ujao bila ya kungoja wafadhili. Skuli za Mikunguni na Kengeja ziwachukue wanafunzi ishirini wenye hesabu nzuri, wavulana na wasichana, wapewe tupa na chuma, na mwalimu mmoja mzee wa jeshi au wa lile shirika la zamani, ambaye bado mkono wake unajua kazi. Wazee hao wamebaki wachache. Baadhi yao tunawaona kila jioni barazani wakinywa kahawa, na hakuna aliyekwenda kuwauliza chochote tangu walipostaafu.